Maji Yatafutiwe Njia: Habari za Mashamba ya Udongo wa Mfinyanzi

Mkulima akitazama shamba lake katika majira ya masika, akaliona limejaa maji yaliyotuama, husema, "Mvua imezidi mwaka huu." Lakini jirani yake mwenye udongo wa kichanga amepata mvua ileile, siku zilezile, na mimea yake imesimama vizuri, majani yake kijani. Basi tofauti yao haikutoka mawinguni. Imo chini ya miguu yao. Katika habari hizi nataka kuwaeleza wasomaji juu ya watu walioitambua tofauti hiyo: jinsi walivyochimba, jinsi walivyochekwa, jinsi walivyofanikiwa, na mambo waliyoyakuta mbele ambayo hawakuyatazamia. Watu hao ni wa nchi za mbali, Uingereza na Uskoti na Marekani, lakini maji yana tabia moja kila mahali: hayapandi mlima, wala hayaulizi mpaka wa shamba la mtu.

Tabia ya udongo wa mfinyanzi

Kwanza yatupasa kuujua udongo wenyewe. Mchanga ni chembe kubwa, na kati ya chembe na chembe pana nafasi. Maji ya mvua huingia na kupita, na nyuma yake huingia hewa. Mfinyanzi ni chembe ndogo mno, ndogo kuliko unga uliosagwa na kuchekechwa. Ukilowa huvimba na kufunga nafasi zake. Ukikauka hujikunja na kupasuka nyufa. Kila aliyelima mbuga ya udongo mweusi aijua hali hiyo: wakati wa mvua jembe hunasa, wakati wa kiangazi jembe hudunda kama juu ya jiwe.

Hata hivyo udongo huu si maskini. Mara nyingi una rutuba kuliko mchanga, maana hukishika chakula cha mimea kisichukuliwe na mvua. Taabu yake ni pumzi. Mizizi huvuta hewa kama sisi tunavyovuta. Maji yakijaza kila nafasi katika udongo, hewa hufukuzwa. Mizizi hukosa pumzi na kuanza kuoza, na majani hugeuka manjano ijapokuwa chakula kipo tele. Tena iko taabu ya pili, ambayo watu wengi hawaioni. Mmea ulioota katika maji hauwezi kushusha mizizi yake chini. Huieneza juujuu tu. Mvua zikiisha na jua likianza kukaza, mizizi ile mifupi haifikii unyevu wa chini, na mmea hunyauka kabla ya wenzake. Kwa hiyo shamba lisilotoa maji huumia mara mbili: katika masika kwa maji, na katika kiangazi kwa kiu. Mtu akisikia habari ya kutoa maji shambani huogopa ya kwamba shamba litakauka. Waliojaribu waliona kinyume chake.

Desturi za kale za Uingereza

Wakulima wa kale wa Uingereza walipigana na maji kwa plau. Waligeuza udongo kuelekea katikati, mwaka hata mwaka, mpaka shamba likawa matuta marefu, mapana, yenye migongo iliyoinuka na vijito kati yake. Maji yaliteremka kutoka mgongoni yakaingia katika vijito. Hata leo katika malisho ya Uingereza ya kati mtu aweza kuyaona matuta hayo jioni, jua likiwa chini, kama mawimbi yaliyofunikwa kwa nyasi. Njia hii ilisaidia, lakini ilikuwa na hasara: ngano ilisitawi juu ya mgongo, na katika kijito haikuota kitu cha maana.

Wengine, hasa katika nchi za Essex na Suffolk, walichimba mahandaki membamba, wakatia ndani matawi ya miti au mabua, kisha wakafukia. Maji yalipenya kati ya matawi yakatoka shambani. Lakini matawi huoza, na baada ya miaka kadhaa kazi ilikuwa ya kurudiwa tangu mwanzo.

Katika miaka ya 1760 alikuwako mkulima wa Warwickshire jina lake Joseph Elkington. Shamba lake lilikuwa na maji mengi hata kondoo wake wakafa kwa ugonjwa wa ini, ambao huwapata wanyama wanaolisha penye maji. Alichimba handaki, lakini halikusaidia. Habari zake zasimulia ya kuwa siku moja alichukua mtaimbo wa chuma akauchoma chini katika sakafu ya handaki, akauvuta. Mara maji yakabubujika. Ndipo akatambua ya kuwa maji ya shamba lake hayakuwa ya mvua iliyotuama, bali ya chemchemi iliyozuiliwa chini ya udongo mgumu, na ya kuwa tundu moja mahali palipo sawa latosha kuliko mahandaki kumi mahali pasipofaa. Elkington alialikwa kukausha mashamba katika nchi nyingi za Uingereza, na mwaka 1795 akapewa tuzo ya pauni 1,000 kwa agizo la Baraza la Bunge.

Lakini ufundi wa Elkington ulifaa penye chemchemi. Haukufaa katika mfinyanzi ulio tambarare, ambapo maji ni ya mvua tu, yaliyoanguka yakakosa pa kwenda. Huko hakuna tundu moja la kutoboa. Shamba zima ni kama sahani. Basi ilibaki kazi ya mtu mwingine.

Bwana Smith wa Deanston

Mtu huyo alikuwa James Smith, msimamizi wa kiwanda cha pamba katika mji mdogo wa Deanston, nchi ya Uskoti. Alipopata shamba la kulima karibu na kiwanda chake, alilikuta limejaa maji na mawe. Smith hakutafuta mahali penye maji mengi apachimbe hapo tu. Alisema kwamba maadamu mvua huanguka pote, yafaa njia za maji ziwe pote. Akachimba mahandaki yaliyonyoka, yote yakielekea upande wa mteremko, moja likiwa mbali na mwenzake kwa futi 20 hivi, kina chake futi mbili na nusu. Akayajaza mawe yaliyovunjwavunjwa, akarudisha udongo juu. Kisha akatengeneza plau maalum ya kuuvunja udongo wa chini bila kuuleta juu, ili maji yapate kushuka mpaka kwenye mahandaki. Mwaka 1831 akaandika kitabu kidogo kueleza kazi hiyo, na wakulima wakaja kutoka mbali kuliona shamba lake.

Mawe, lakini, hayapatikani kila mahali. Na penye mfinyanzi mtupu mara nyingi hakuna jiwe hata moja. Ndipo watu walipokigeukia kitu kilichokuwa miguuni pao siku zote. Udongo uleule uliozuia maji ulifinyangwa, ukachomwa katika tanuri, ukawa vigae vya kupitishia maji. Vigae vya kwanza vilikuwa na umbo la kwato ya farasi. Vililazwa chini ya handaki, mgongo juu, kimoja baada ya kimoja, na udongo ukafukiwa juu yake. Serikali ya Uingereza ilikuwa ikitoza kodi juu ya vigae, lakini mwaka 1826 ilivisamehe vile vya kutolea maji mashambani, kwa sharti kwamba kila kimoja kipigwe chapa ya neno la kuonyesha kazi yake. Hata leo vigae vyenye chapa hiyo hufukuliwa na majembe.

Labda msomaji atauliza: maji yataingiaje ndani ya bomba la udongo lililochomwa? Wakulima wa siku zile waliuliza vivyo hivyo, na wengine walikataa kabisa kuamini. Jibu ni kwamba hayapiti katika ubavu wa bomba, bali katika maungio. Mabomba hayagandishwi kwa saruji. Hulazwa kichwa kwa kichwa, na ule ufa mwembamba ulio kati ya bomba na bomba watosha. Maji yaliyojaa katika udongo husukumana, hupanda kutoka chini na kuja kutoka kando, na yakiona nafasi huingia. Nyuma yake hewa hufuata. Baada ya kiangazi kimoja au viwili mfinyanzi ulio juu ya bomba hupasuka nyufa ndogo ndogo zielekeazo bomba, na kila mwaka maji hupita vizuri zaidi kuliko mwaka uliotangulia.

Mtu aliyezika vyungu

Miaka hiyohiyo ng'ambo ya bahari alikuwako Mskoti mwingine, John Johnston. Alizaliwa mwaka 1791, na mwaka 1821 alihamia Marekani, akapata shamba karibu na mji wa Geneva katika jimbo la New York, kando ya ziwa liitwalo Seneca. Udongo wake ulikuwa mfinyanzi mzito, na ngano yake haikumpa faida. Majirani waliona ndiyo hali ya nchi. Johnston alikumbuka mafundisho ya babu yake kule Uskoti, ya kuwa ardhi yote yahitaji kutolewa maji. Mwaka 1835 akaandika kwao akaomba aletewe vielelezo vya vigae. Vilipofika alivipeleka kwa mfinyanzi wa mji wa jirani wa Waterloo, Benjamin Whartenby, akamwomba amfinyangie vya namna ileile. Whartenby alivifanya kwa mikono, na mwaka 1838 Johnston akaanza kuvilaza shambani.

Tufikiri kidogo jinsi jambo hilo lilivyoonekana machoni pa watu. Hapa yupo mkulima asiye tajiri, anachukua fedha zake, ananunua vyombo vya udongo vilivyochomwa, anachimba handaki lenye kina kuliko kiuno cha mtoto, anavipanga chini, kisha anafukia. Kazi ikiisha hakuna kitu cha kuonyesha. Shamba laonekana kama lilivyokuwa. Majirani walicheka, wakasema ya kuwa Johnston amerukwa na akili, anazika vyungu. Wengine walisema vigae hivyo vitaitia ardhi sumu.

Johnston hakushindana nao kwa maneno. Alilaza vigae sehemu moja ya shamba, akangoja mavuno. Kwa fedha ya mavuno yale akanunua vigae vya sehemu ya pili. Akaenda hivyo mwaka kwa mwaka. Katika habari zilizoandikwa juu yake imesemwa kwamba mahali alipokuwa akivuna busheli 12 za ngano katika eka moja, alikuja kuvuna busheli 60. Busheli moja ya ngano ni uzito wa ratli 60. Basi eka iliyompa ratli 720 ilimpa ratli 3,600. Hata kama hesabu hiyo ni ya mwaka mwema wa pekee, majirani waliona kwa macho yao, na kicheko kikaisha. Mpaka alipoacha kazi alikuwa amelaza vigae vya urefu wa maili 72 katika eka 320. Alifariki mwaka 1880, na Wamarekani humwita baba wa kazi hiyo katika nchi yao.

Mashine na mkopo

Kizuizi kilichobaki kilikuwa bei. Mfinyanzi wa mkono hufanya vigae vichache kwa siku, na shamba moja lataka maelfu. Huko Uingereza mtunza bustani aitwaye John Reade alionyesha mwaka 1843, katika maonyesho ya kilimo mjini Derby, bomba la mviringo ambalo ni jepesi kufanyika na kulazwa. Mwaka 1845 Thomas Scragg akapata tuzo kwa mashine iliyosukuma udongo laini katika tundu la chuma, ukatoka umekwisha kuwa bomba. Mwaka 1848 jirani wa Johnston, John Delafield, aliagiza mashine ya Scragg kutoka Uingereza, na bei ya vigae katika nchi ile ikashuka. Hapo hata mkulima wa kawaida aliweza kujaribu.

Serikali ya Uingereza nayo ilitoa msaada. Mwaka 1846, mwaka uleule ilipoondoa sheria zilizozuia ngano ya nchi za nje, Bunge lilikubali kukopesha pauni milioni 2 kwa wenye mashamba wa Uingereza na Uskoti watakaochimba mahandaki ya maji. Mkopaji alilipa pauni sita na nusu kila mwaka kwa kila pauni 100, na baada ya miaka 22 deni likaisha pamoja na faida yake. Ilionekana ya kuwa kazi hii ni kubwa kupita mfuko wa mtu mmoja, na faida yake huja polepole. Kwa hiyo fedha yake nayo yapasa kuwa ya kulipwa polepole.

Lakini fedha haiondoi haja ya akili. Mhandisi maarufu, Josiah Parkes, alifundisha ya kuwa mahandaki yashuke futi nne na yawe mbalimbali. Penye udongo mlaini mashauri yake yalifaa. Penye mfinyanzi mzito wakulima wengi waliona maji yakibaki katikati, maana hayakuweza kusafiri mbali vile katika udongo mgumu. Kanuni ya shamba moja si kanuni ya kila shamba. Kadiri mfinyanzi ulivyo mzito, ndivyo mahandaki yapasavyo kukaribiana.

Bwawa Jeusi la Ohio

Mpaka hapa tumesimulia habari za mtu na shamba lake. Johnston alikuwa na bahati: shamba lake lilielekea ziwani, na maji ya vigae vyake yalipata pa kwenda. Lakini je, kama chini ya shamba lako liko shamba la mtu mwingine, na chini yake la mtu wa tatu, na nchi yote ni tambarare kama meza? Swali hilo lilijibiwa katika jimbo la Ohio.

Kaskazini magharibi mwa jimbo hilo ilikuwako nchi iliyoitwa Bwawa Kubwa Jeusi, urefu wake karibu maili 120 na upana wake maili 40. Zamani sana palikuwa chini ya ziwa, na ziwa lilipopungua liliacha mfinyanzi mzito uliolala sawasawa. Juu yake uliota msitu mnene wenye giza, na maji yalisimama chini ya miti miezi mingi ya mwaka. Katika miaka ya 1830 barabara iliyopita humo ilikuwa na urefu wa maili 31, na imesimuliwa ya kwamba kando yake zilikuwako nyumba za wageni 31, moja kwa kila maili, maana msafiri mwenye gari aliweza kufanya kazi kutwa nzima na kumaliza maili moja tu ya matope. Waliohamia huko walipata homa ya malaria kama tuijuavyo sisi, ya kutetemeka na kurudi kwa vipindi. Walidhani yatokana na hewa mbaya ya bwawa. Mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, alipoonyesha ya kuwa mbu ndiye aichukuaye.

Mkulima wa Bwawa Jeusi hakuweza kufanya kama Johnston. Akichimba mtaro hata mwisho wa shamba lake, maji hufika mpakani yakasimama, au hummiminikia jirani. Jirani hukasirika, huziba, ugomvi huanza. Na yule aliye chini kabisa, karibu na mto, hana haja ya mtaro, lakini bila idhini yake watu wote wa juu wamefungwa. Kila mtu alikuwa na jembe, na hakuna hata mmoja aliyeweza kujiokoa kwa jembe lake.

Mwaka 1859 Bunge la Ohio lilitunga sheria ya mitaro. Kwa sheria hiyo mwenye shamba aliweza kupeleka ombi kwa wakuu wa wilaya, kwamba mtaro wa watu wote uchimbwe. Wakuu walikwenda kutazama, wakapima mteremko, wakasikiliza wenye neno, kisha wakaamua. Kama mtaro wafaa, ulichimbwa, na gharama yake ikagawanywa kwa wote waliofaidika, kila mtu kwa kadiri ya faida yake. Baada ya mtaro mkubwa kuwapo, kila mkulima alilaza vigae vyake na kuvielekeza huko. Viwanda vya vigae vikajengwa pote, maana mfinyanzi ulikuwa tele. Mwaka 1894 James B. Hill, mtu wa nchi hiyo, alipewa hati ya serikali kwa mashine yake ya mvuke iliyochimba handaki lenye mteremko sawa. Ilipofika mwisho wa karne ile, Bwawa Jeusi lilikuwa limegeuka kuwa mashamba, yakahesabiwa katika mashamba mema ya Marekani. Homa nayo ilipungua, kwa kuwa maji ya kuzalia mbu yalipungua, na kwa sababu nyingine pia, kama nyumba bora na dawa ya kwinini.

Kwa hiyo, katika kazi hii, kigae kilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa mapatano. Kabla ya mtaro wa pamoja, vigae vya mtu mmoja vilikuwa mabomba yasiyo na mdomo.

Deni lililokuja baadaye

Ingekuwa vyema kumalizia hapo, lakini habari haikuishia hapo. Maji mengi ya nchi ile huingia katika mto Maumee, nao huingia katika ziwa Erie, karibu na mji wa Toledo. Bwawa la zamani lilikuwa likiyashika maji siku nyingi, na matope na rutuba vikatulia humo. Mitaro na vigae huyapeleka maji upesi, pamoja na mbolea iliyotiwa mashambani, hasa fosforasi iliyoyeyuka. Ziwani rutuba hiyo hulisha viumbe vidogo vya kijani visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho, vikazidi hata uso wa maji ukawa kama rangi iliyomwagwa. Baadhi yao hutoa sumu. Tarehe 2 Agosti 1914 ilikuwa bado ndoto. Lakini tarehe 2 Agosti 2014 watu zaidi ya 400,000 wa Toledo na vijiji vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba, wala kuyachemsha, kwa kuwa kuyachemsha hakuondoi sumu ile. Katazo hilo lilidumu hata tarehe 4. Watu walipanga mistari kutafuta maji kando ya ziwa lililo katika maziwa makubwa ya dunia.

Wakulima wa mashamba hayo hawakuwa wabaya, wala babu zao walioyachimba. Walilitatua swali la mtu wa juu na jirani yake wa chini; swali la jirani wa mwisho, yule anywaye maji ziwani, hawakuliuliza. Siku hizi wengine huweka vilango katika midomo ya mabomba, wakayazuia maji katika miezi ambayo shamba halina mmea, na kuyafungua kabla ya kupanda. Wengine wamerudisha sehemu ndogo za bwawa, ili maji yapumzike humo kabla ya kufika mtoni. Hutia mbolea kwa kipimo, wala si siku inayotazamiwa mvua kubwa.

Yatufaayo sisi

Mabomba ya kuzikwa ni ghali, na si kila kijiji chaweza kuyapata. Lakini yaliyo msingi wa kazi hii hayahitaji fedha nyingi. Tuta huinua mizizi juu ya maji, kama wajuavyo wapandao viazi vitamu. Mtaro wa wazi, ukichimbwa kwa mteremko, hufanya kazi ya bomba, mradi usafishwe kila mwaka. Mtu aanze kuchimba upande wa chini, pale maji yatakapotokea, apande nao kwenda juu. Aanzaye juu hujichimbia kisima. Wala mteremko haupimwi kwa kukisia: maji yenyewe ndiyo kipimo. Mimina debe moja katika handaki ulilochimba, utazame yaendako. Yakisimama mahali, hapo pana kasoro.

Tena si kila mbuga yapasa kutolewa maji. Katika Usukuma wakulima huzungushia mbuga kingo za udongo, wakafanya majaluba, wakapanda mpunga, kwa kuwa mpunga wapenda maji ambayo mahindi yayachukia. Huko tabia ya mfinyanzi ya kuyashika maji imekuwa faida. Kwa hiyo, kabla ya kushika jembe, mtu ajiulize kwanza apande nini, kisha ndipo aulize maji yaende wapi.

Na wakati wa kuuliza ni kiangazi. Maji yakiisha kujaa, kila mtu hutazama shamba lake tu, na maneno huwa makali. Lakini udongo ukiwa mkavu, wenye mashamba ya bonde moja waweza kutembea pamoja tangu shamba la juu hata mtoni, wakatazama wapi maji ya mwaka jana yalisimama na wapi yalipita, wakapatana mtaro upite mpaka gani, nani atachimba kipande gani, na nani atakisafisha mwaka ujao. Yule wa chini kabisa apewe nafasi ya kusema kwanza, maana ndiye atakayeyapokea yote.